Jalada la Kofia Mbili

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa tisa alasiri, bila kubisha hodi. Naliomba radhi daftari hili: binti yangu aliniletea ili niandike dawa nilizomeza na saa nilizozimeza, nami nimeona si vyema kulichosha kwa habari za vidonge. Nitajitahidi kuandika kwa ufupi. Umri wangu ni miaka sabini na minne. Nilifundishwa kuandika na masista wasiovumilia doa la wino, kisha kwa miaka thelathini na mmoja nikawa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, ambako kazi yangu ilikuwa kutafuta makosa ya wengine kabla hayajachapwa. Sasa ni mgane. Ninaishi vyumba viwili pamoja na santuri mia nne na kumi na mbili za muziki wa kantri, zote za mitumba, zote zilizopita katika mikono ya watu nisiowafahamu.

Jumatano, 4 Machi

Binti yangu ni muuguzi, na kila Jumatano akitoka zamu hupita kunijulia hali. Leo alisimama mlangoni akakunja pua.

“Baba, chumba hiki kinanuka soksi.”

Nilimwomba radhi, nikamweleza kuwa ni harufu ya majalada ya santuri yaliyopata unyevu.

“Basi majalada yako yamevaa soksi. Hebu sogea.”

Alivuta rafu iliyoegemea ukuta wa nyuma, na nyuma yake palikuwa na ukungu mweupe kama unga. Alitoa amri: ama nizioshe zote, moja moja, ama ataita watu waje wazibebe. Mama yake alikuwa na sauti hiyo hiyo.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeosha kumi na nne. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni, kitambaa laini cha pamba, na kisosi juu ya karatasi ya katikati ili maandishi yasilowe. Kisha ninazisimamisha kwenye kichanja cha vyombo kama sahani. Chakula nimekilia kwenye kifuniko cha sufuria.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Ishirini na moja.

Jumamosi, 7 Machi

Nilikwenda kununua sabuni. Kinyozi alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda chake, nami nikavuka barabara, kama nifanyavyo siku zote, nikakanyaga dimbwi lililo upande wa pili. Hatujasemezana kwa miaka kumi na mmoja. Aliniibia santuri. Sipendi kuandika hivyo juu ya mtu aliyekuwa rafiki yangu, lakini ukweli hauna jina lingine.

Jumatatu, 9 Machi

Thelathini. Mgongo unauma. Mvua.

Alhamisi, 12 Machi

Sijui nianzie wapi, na kwa hilo naomba radhi.

Lazima nieleze kwanza jinsi tulivyokuwa. Zamani, kila Jumamosi alasiri, watu watatu walikuja kwangu kusikiliza santuri: kinyozi, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, na dereva wa lori aliyestaafu. Marehemu mke wangu aliketi nasi akifuma. Kwa kuwa majina ya waimbaji yalitushinda ulimi, kila santuri tuliipa jina la picha iliyo juu ya jalada. Palikuwa na Farasi Mweupe, na Gari Bovu, na Kofia Mbili, ambayo ina wanaume wawili waliofunika macho kwa kofia pana kana kwamba wanadaiwa. Lakini malkia wa zote alikuwa Mama wa Uzio: mwanamke ameegemea uzio wa mbao, amevaa koti lenye nyuzi zinazoning'inia, na anaimba kama mtu anayezungumza na jirani. Kinyozi aliniomba mara tatu nimwachie ile. Mara tatu nilimwomba radhi nikakataa.

Gramafoni yangu ina mhimili mrefu. Waweza kuubebesha santuri tano au sita, nazo zikashuka moja baada ya nyingine bila mtu kunyanyuka. Mwisho wa kikao hubaki rundo, na kanuni nyumbani kwangu ilikuwa kwamba rundo hilo linarudishwa katika majalada na mwenye nyumba peke yake. Mgeni hagusi.

Jumamosi ile, miaka kumi na mmoja iliyopita, nilirudisha rundo, kisha nikaona jalada la Mama wa Uzio likiwa tupu. Nilitafuta katika majalada yote. Mfuko wa karatasi wa ndani una tundu la mviringo katikati, na katika tundu hilo waweza kusoma jina la santuri pasipo kuitoa. Nilisoma matundu yote. Hakuna. Ndipo niliposimama mbele ya wageni wangu nikasema, kwa adabu zangu zote: “Naomba radhi sana, lakini ningeshukuru kama kila mtu angefungua mkoba wake.” Mwenye mkoba alikuwa mmoja tu.

Kinyozi aliutazama mkoba wake wa vifaa, akanitazama mimi, akasema, “Mkoba huu ukifunguliwa hapa leo, mimi sirudi tena.” Nilingoja. Akatoka nao bila kuufungua, na sisi sote tukaona kuwa jibu tumelipata. Yaani sote isipokuwa mke wangu, aliyesema bila kuinua macho, “Huyo hakuiba. Tafuta vizuri.” Nilimjibu kwamba nimetafuta.

Leo nilifika kwenye Kofia Mbili. Sikuwa nimeipiga tangu siku ile. Nilipoinyanyua niliona ni nzito, nikadhani karatasi imenyonya maji. Niliitoa katika mfuko wake nikaitia majini, na maji ya uvuguvugu yalipopita ukingoni, ikaachana katikati kama mkate uliokatwa. Santuri mbili. Zilikuwa zimegandamana tumbo kwa mgongo, nami nilizitia katika mfuko mmoja kwa mkono wangu mwenyewe. Ya pili ilikuwa Mama wa Uzio.

Siku ile nilisoma tundu la mbele. Laiti ningeugeuza mfuko, tundu la nyuma lingeniambia kila kitu. Miaka thelathini na mmoja nililipwa ili nisome pande zote mbili za karatasi.

Mikono imelowa na wino unachuruzika. Masista wanisamehe.

Ijumaa, 13 Machi

Sikuosha chochote.

Jumamosi, 14 Machi

Nilikwenda kwa kinyozi. Nilikaa kwenye benchi pamoja na wateja wanne. Zamu yangu ilipofika, aliingia kijana mwenye haraka, nikamwambia, “Tafadhali, tangulia.” Kisha akaja baba mmoja mwenye kikohozi, nikampisha naye. Saa kumi na mbili nilirudi nyumbani na nywele zangu.

Jumatano, 18 Machi

Nilimweleza binti yangu. Alikunja na kukunjua kitambaa cha kuoshea.

“Mama alikwambia,” alisema.

“Aliniambia.”

“Baba, unaomba radhi ukigonga kiti. Nimekuona unamwomba radhi mbuzi. Sasa hapa kuna mtu.”

Alipoondoka alinifunga vizuri vifungo vya sweta, jambo ambalo ninaweza kulifanya mwenyewe.

Jumamosi, 21 Machi

Benchi. Nimepisha watu sita. Kinyozi, bila kuniangalia, alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, “Kuna wazee wanadhani hapa ni stesheni. Treni ya kwao haipiti huku.” Wateja walicheka. Nami nilicheka kidogo, kwa adabu, nikaondoka.

Jumatano, 25 Machi

Nimemwandikia kinyozi barua. Nimeifuta mara tatu. Ilifikia kurasa nne, nikampa binti yangu aisome.

“Mbona ukurasa wa kwanza wote unaomba radhi kwa mwandiko?”

“Mkono umekuwa mzito siku hizi.”

“Na wa pili unaomba radhi kwa urefu wa barua.” Aliikunja akaitia kwenye mkoba wake wa kazi. “Hii naondoka nayo. Usiniombe nikurudishie.”

Jumapili, 29 Machi

Mvua kubwa. Nimekumbuka mazishi ya mke wangu, miaka mitatu iliyopita. Kinyozi alikuja. Alisimama nyuma kabisa ya watu na kofia yake mkononi, na watu walipoanza kutoa mikono, akaenda zake. Siku ile nilijiambia kwamba mwizi huona aibu. Leo nayafikiria yale yale niliyoyaona kwa macho yale yale, na naona mtu aliyekuja kumzika mwanamke pekee aliyemwamini, akachagua kutompa mumewe taabu ya kumkwepa.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimekaa kwenye kiti.

Palikuwa na wateja wawili tu kwa sababu ya mvua. Alinifunga shuka shingoni, akanipaka povu hadi masikioni. Mikono yake haijabadilika, myepesi kama ya mtu anayegeuza kurasa. Kinyozi ninayemwendea sasa, naomba radhi kumsema, hunyoa kama apaliliaye.

“Naomba radhi,” nilisema.

“Wembe umekugusa?”

“Hapana.”

“Basi tulia.”

Alinyoa upande wa kulia. Nilihesabu pumzi.

“Ile santuri nimeiona,” nilisema. “Ilikuwa kwangu. Ndani ya Kofia Mbili. Niliitia mwenyewe. Wewe hukuichukua.”

Wembe ulisimama chini ya sikio. Nilisikia mvua juu ya bati, na mmoja wa wateja akikunja gazeti. Kisha wembe ukaendelea. Alimaliza upande wa kushoto, akanifuta, akanionyesha kisogo changu kwenye kioo kidogo kama anavyomwonyesha kila mteja, na nilipofungua kinywa akasema, “Anayefuata.”

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita kwa jina la utani walilonipa zamani.

“Mzee Samahani.”

Niligeuka.

“Siku ile ulisema kwa sauti. Walikuwepo watatu wakisikia. Leo umeniambia mimi peke yangu, na povu mdomoni.” Alikuwa anakung'uta shuka. “Mkeo amelala. Wawili bado wanatembea.”

Jumatatu, 6 Aprili

Nimekwenda kwa fundi cherehani. Amesafiri kwa mwanawe hadi wiki ya tatu. Dereva nimemkuta, lakini masikio yake yamedhoofika, na sikutaka kuipiga kelele habari hii uani kwake. Nilimwomba tu afike siku nitakayomwita.

“Kuna santuri?” aliuliza.

“Kuna santuri.”

“Nitakuja hata kwa kutambaa.”

Jumapili, 12 Aprili

Mvua. Nimemaliza rafu ya pili.

Ijumaa, 17 Aprili

Ukuta wa nyuma umeanza kutoa maji. Nimezihamishia santuri kitandani. Mimi nalala kwenye kiti kirefu, na sote tunapata usingizi.

Jumamosi, 25 Aprili

Nitaandika yote, nikiomba uvumilivu.

Tulifika kwa kinyozi saa kumi, mimi, fundi cherehani na dereva. Kinyozi alikuwa akimnyoa kijana mmoja. Alituona, akaendelea. Wateja wengine watatu walikuwa kwenye benchi. Nilikuwa nimekusudia kungoja wamalize, kisha nikajua kwamba nikiwapisha tena, nitawapisha hadi kaburini.

Nilivua kofia. Nilisema kwa sauti, kwa ajili ya masikio ya dereva: “Miaka kumi na mmoja iliyopita nilimwita mtu huyu mwizi mbele yenu. Sikutumia neno hilo. Nilitumia maneno mazuri zaidi, na kwa hiyo yalikuwa mabaya zaidi. Hakuiba. Santuri ilikuwa ndani ya nyumba yangu, mahali nilipoiweka mimi. Mke wangu aliniambia nitafute vizuri, sikutafuta. Nilimsema kwenu, nikamsema kiwandani, nikavuka barabara ili nisimsalimu. Kosa ni langu lote.”

Kijana aliyekuwa kitini alisema, “Lo!” na kinyozi akamgeuza kichwa mbele.

Fundi cherehani alikaa kwenye benchi. “Mimi nilikataa kumshonea suruali za harusi ya mwanawe,” alisema. “Nilisema nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi.”

“Nilijua,” alisema kinyozi. “Mashine yako ilikuwa kimya wiki nzima.”

Dereva aliuliza, “Lakini ndugu yangu, mbona hukufungua tu huo mkoba? Ungetumaliza pale pale.”

Kinyozi aliupangusa wembe pole pole. “Ndani kulikuwa na taulo. Nilikuwa nimenyoa watu tisa siku ile, taulo lilikuwa kama tambara la gereji. Na shemeji yangu ameketi pale na kitambaa chake cheupe anafuma.” Alinielekezea kidevu. “Ningefungua vipi uchafu ule mbele yake?”

Dereva alianza kucheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Kisha tukacheka wote, isipokuwa kinyozi.

Nilimtolea Mama wa Uzio, nikiwa nimeifunga kwa gazeti na mfuko wa nailoni. Nilimwambia ni yake, na kwamba nimekusudia kumpa nusu ya santuri zangu, achague yeye.

“Rudisha,” alisema.

“Tafadhali.”

“Rudisha, mzee. Unajua mimi nilikuwa na ngapi? Mia na sitini. Baada ya ile habari yako, kila aliyeingia kwangu akiona santuri anauliza: hii ulinunua, au uliokota? Kwa utani, lakini anauliza. Mwaka mzima. Nikazibeba zote kwenye mkokoteni nikazigawa. Gramafoni pia. Toka siku ile sijasikiliza hata upande mmoja.” Alifunua shuka shingoni mwa kijana. “Unataka kunipa nusu ya zako. Sasa watu wakiniuliza zimetoka wapi, niseme nini? Nimelipwa?”

Sikulijua hilo. Nilidhani deni langu ni neno moja tu.

“Nimekusikia,” alisema. “Umesema umekuwa ukiomba radhi maisha yako yote kwa viti na milango. Hii ndiyo ya kwanza niliyoisikia. Lakini sasa nina watu wa kunyoa.”

Nilirudi mvuani. Naomba radhi: mimi pale sikusema habari za viti na milango; niliziandika tu. Binti yangu ameipeleka barua.

Jumatano, 29 Aprili

Amekiri. “Niliutoa ukurasa wa kwanza,” alisema, “na wa pili.”

Jumamosi, 2 Mei

Nilipita mbele ya kibanda, bila kuvuka barabara. Niliinamisha kichwa. Naye akainamisha chake, kidogo, kama mtu aliyetazama kiatu.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua zinapungua. Nilimsalimu, akaitikia. Fundi cherehani alikuwa kwenye kiti, na juu ya goti lake amekunja suruali mbili mpya.

Alhamisi, 14 Mei

Binti yangu ameleta ujumbe, ingawa si siku yake ya kuja. Kinyozi amesema: Jumamosi asubuhi unafunguliwa mzigo wa mitumba kwenye uwanja wa soko. Nije na mwavuli.

“Basi?” niliuliza.

“Basi. Mwavuli mkubwa, amesema.”

Jumamosi, 16 Mei

Nimefika nyumbani sasa hivi, na bega langu halinyanyuki.

Nilimkuta akinisubiri saa moja na nusu, amevaa shati lililopigwa pasi. Mzigo ulikuwa umemwagwa juu ya turubai: vikombe, viatu, taa, na masanduku manne ya santuri. Alichuchumaa. Manyunyu yalikuwa yameanza.

“Mimi nachagua,” alisema. “Wewe shika mwavuli. Usinishauri.”

Nilishika mwavuli juu yake na juu ya masanduku, nami nikalowa nusu. Alizitoa moja moja kwa ncha za vidole, akiziinamisha kwenye mwanga kuisoma mikwaruzo, kama zamani. Alikuwa mgumu. Aliirudisha moja yenye mpanda farasi na mandhari mazuri kabisa ambayo mimi ningeichukua kwa mbio, nami nikauma ulimi. Aliirudisha nyingine kwa sababu imepinda. Alipumzisha magoti akaanza sanduku la tatu.

Muuzaji alichoka. “Mzee, mwambie rafiki yako achague basi, mvua inaingia.”

“Huyu si rafiki yangu,” alisema kinyozi bila kuinua kichwa. “Huyu ni nguzo.”

“Nguzo inatetemeka,” alisema muuzaji.

“Itazoea.”

Sanduku la nne lilikuwa karibu kwisha alipoitoa moja iliyoliwa na panya kwenye kona. Juu ya jalada wamesimama ndugu watano waliovaa mashati ya aina moja, na yule wa mwisho amefumba macho. Hatukuwahi kuwaona. Aliitazama upande wa mbele. Akaigeuza, akautazama upande wa nyuma muda ule ule. Nilijua ananifundisha, na nilistahili.

“Tutawaitaje?” aliuliza.

Hilo “tu” lilinichukua muda kulimeza. “Usingizi wa Kitinda Mimba,” nilisema.

Kitu kikamtoka puani. Sikutambua mara moja kuwa ni kicheko, kwa kuwa nilikuwa nimekisahau mlio wake. Alimlipa muuzaji, akasimama kwa kushika mkono wangu, yaani ule usioshika mwavuli, na jua likawa limekwisha kutoka.

“Mvua imekatika,” alisema.

“Naona.”

“Basi mbona bado umeshika?”

“Hukuniambia nifunge.”

“Funga, bwana. Watu wanadhani mimi ni bibi harusi.”

Tulitembea hadi njia panda, yeye ameibeba santuri kifuani. Pale alisimama, akafikiri, kisha akanipa.

“Sina gramafoni. Ikae kwako. Ni yangu, lakini ikae kwako.”

Niliipokea kwa mikono miwili. Nilitaka kusema neno, na neno pekee lililokuja ndilo lile ninalolisema kila siku, hivyo sikulisema.

“Nitakuja kesho saa kumi,” alisema. “Na usiiguse kabla sijafika.”

Iko mezani hapa ninapoandika, jalada lake likikauka taratibu, ndugu wanne wakinitazama na mmoja akilala. Ningependa sana kujua wanaimbaje. Sijaigusa.